Kabla Hujaweka Dau kwa Farasi wa Kwenye Skrini

Handeni haijawahi kuwa nchi ya farasi. Mbung'o waliosumbua ng'ombe wa Wazigua kwa vizazi huleta nagana, na farasi huathirika nayo vibaya. Mbio za farasi zenye jina katika ukanda wetu ziko Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliopo tangu 1954. Mbio zinazomaliza hela za vijana wa Korogwe na Handeni hukimbizwa ndani ya kompyuta, kwenye maduka ya kubeti na kwenye simu, kila baada ya dakika chache, kutwa nzima. Kosa la kwanza linaanzia hapo: mtu anawachukulia farasi hawa wa kwenye skrini kama wale wa Ngong.

Kule Ngong mzoefu anaangalia farasi alimalizaje mbio zilizopita, leo kabebeshwa uzito gani, nani kampanda, udongo umelowa au umekauka. Na pamoja na elimu yote hiyo, farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wenzake, popote duniani, hushinda kama mara 1 tu kati ya 3. Kwenye skrini hakuna cha kusoma. Programu huchagua mshindi kwa namba za nasibu, picha ya mbio inafuata tu. Namba 4 aliyeshinda mara mbili mfululizo hajachoka, na namba 2 ambaye hajashinda tangu asubuhi hana zamu anayoisubiri. Ukimwona mtu anajaza daftari la matokeo ili agundue mpangilio, mwambie mapema, kwa upole, kwamba mpangilio haupo.

Jifunze kupiga hesabu ya odi, yaani dau lako linazidishwa mara ngapi ukishinda, kabla ya kutoa hata shilingi. Tuseme mbio zina farasi sita, odi zao ni 2.5, 4, 5, 8, 10 na 10. Unataka upate 10,000 ashinde yeyote. Itabidi uweke 4,000 kwa wa kwanza, 2,500 kwa wa pili, kisha 2,000, 1,250, 1,000 na 1,000. Jumla ni 11,750. Umewashika farasi wote, umeshinda kwa uhakika, na bado umepoteza 1,750. Pengo hilo ndilo chumo la kampuni, nalo limo katika kila dau, uwe na bahati au usiwe nayo. Na ushindi wako nao hukatwa kodi. Fanya hesabu hii mara moja kwa mkono wako, kwa odi utakazozikuta dukani. Itakufundisha kuliko maneno yangu.

Mkeka wa mpira, yaani mechi kadhaa katika dau moja, una pengo lilelile, ila limejificha zaidi. Timu kumi, kila moja ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda, zinaonekana za uhakika. Zizidishe zote kwa pamoja: nafasi ya mkeka mzima kutiki ni kama 3 kati ya 100. Ndiyo maana unachanwa na timu moja wiki baada ya wiki, na ndiyo maana kila mara unahisi ulikaribia. Hukukaribia. Mkeka wa timu kumi kwa kawaida huchanika.

Sasa kosa linalobomoa nyumba: kurudisha hela. Mtu amepoteza 500, anaweka 1,000 ili afidie, kisha 2,000, kisha 4,000. Akikosa mara saba mfululizo, na hilo hutokea, ameshatoa 63,500, na dau la nane linadai 64,000. Yote hayo kuitafuta faida ya 500. Hapo ndipo hesabu ya bosi wa bodaboda inapoguswa, hapo ndipo mtu anapokopa kwa simu na kuongeza deni juu ya hasara. Hela iliyoliwa imekwenda. Mbio zinazofuata hazikudai na hazikujui.

Wauza mechi za uhakika nao wanawinda mtu aliye katika hali hiyo. Ujanja wao ni huu. Muuzaji anatuma ujumbe kwa watu 800: nusu anawaambia timu hii inashinda, nusu anawaambia haishindi. Waliopata utabiri sahihi, 400, anawagawa tena, wanabaki 200, halafu 100. Hao 100 wamemwona akipatia mara tatu mfululizo, na wako tayari kulipia utabiri wa nne. Anayejua matokeo hana sababu ya kukuuzia wewe kwa 20,000.

Ukiamua kucheza hata hivyo, dau lako lihesabu kama nauli: ukishatoa, imetumika. Lipa kwanza hesabu ya chombo, kodi ya chumba, ada ya mtoto. Nenda na noti mfukoni, simu iache nyumbani, maana simu ina salio lote na mkopo juu yake. Usikopeshe jina wala laini yako kwa mdogo wako: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18. Hakikisha kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, la sivyo hata ushindi wako hautakuwa na mtu wa kuudai.

Hatari kubwa ni msimu wa hela. Mkulima wa Handeni akishauza mahindi, kibarua wa mkonge Korogwe akishapokea mshahara, hapo dau huwa kubwa kuliko miezi mingine. Hela hiyo igawe siku ileile inapoingia: ya mbegu inunue mbegu, ya akiba ipeleke VICOBA, mwenzako nyumbani aijue jumla yake. Na kama umeshajaribu kuacha ukashindwa, iandikie kampuni ikufungie akaunti, futa namba zao, waambie watu wawili wa karibu, na ofa ya dau la bure itakapoingia kwenye simu, uifute bila kuifungua.