Istilahi za Protini za Damu na Afya ya Mtoto Njiti

Utangulizi

Mtoto azaliwaye kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito huitwa njiti. Viungo vyake havijakomaa, hivyo matabibu hupima protini za damu yake ili kutambua hatari zisizoonekana kwa macho. Makala haya yanachunguza viashirio viwili vya aina hiyo na kuonyesha jinsi istilahi legevu zinavyoweza kumpotosha mzazi.

Protini itikizi ya C

Protini hii, ifupishwayo CRP, ilielezwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, jijini New York. Herufi C ni jina la kijenzi cha ukuta wa bakteria wa nimonia ambacho protini hiyo hukiitikia. Kwa hivyo, kuiita "protini C" ni kosa. Protini C ni nyingine kabisa. Kazi yake ni kuzuia damu isigande kupita kiasi.

CRP hutengenezwa na ini mwili unapovamiwa na maambukizi. Hata hivyo, huchukua saa kadhaa kupanda. Kipimo cha mapema kikiwa cha kawaida hakithibitishi kwamba njiti hana maambukizi ya damu, na ndiyo maana hurudiwa. Istilahi "kiashirio" inafaa hapa kuliko "thibitisho".

Albumini

Albumini hubeba bilirubini, yaani kemikali ya manjano itokanayo na kuvunjika kwa seli nyekundu za damu. Aghalabu njiti huwa na albumini kidogo. Bilirubini isiyobebwa huweza kupenya hadi ubongoni na kuudhuru daima.

Dalili yake ni ngozi na macho kugeuka manjano. Wengi huiita hali hii "homa ya manjano", ilhali jina hilo ni la ugonjwa wa virusi uenezwao na mbu. Mzazi asikiaye "homa" hutarajia joto mwilini. Asipolihisi, huenda akachelewa kumpeleka mtoto kwenye tiba ya mwanga. "Umanjano wa watoto wachanga" ni istilahi isiyo na utata huo.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba usahihi wa istilahi za tiba si suala la kamusi pekee. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kushirikiana na matabibu, ili jina la kipimo limfahamishe mzazi maana yake na mipaka yake.