Mlango wa Kuingia na Mlango wa Kutokea

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo watu wengi siku hizi hulifanya upesi na kulijutia polepole: kujiandikisha katika uanachama wa kununua vitu na kutazama filamu kwa intaneti. Kuingia twakujua sote. Kutoka ndiko kunakotaka mafundisho. Mfano wetu utakuwa uanachama wa kampuni ya Amazon ya Marekani, uitwao Prime, maana habari zake zilipelekwa mahakamani na kusemwa waziwazi. Tena wako ndugu zetu wakaao ng'ambo ambao huutumia.

Kwanza, tujue uanachama huu ni kitu gani. Ulianzishwa Marekani mwezi wa Februari mwaka 2005. Mtu alitoa dola 79 kwa mwaka, naye akaletewa vitu vyake kwa siku mbili pasipo kulipia tena gharama ya kuvileta. Mwaka 2011 filamu zikaongezwa. Ada nayo ikapanda: dola 99 mwaka 2014, dola 119 mwaka 2018, dola 139 mwaka 2022. Mwanzo wa mwaka 2024 matangazo ya biashara yakatiwa ndani ya filamu, na mtu wa Marekani asiyeyataka alitakiwa kuongeza dola 2.99 kila mwezi. Hatusemi ya kuwa muuzaji hana haki ya kutaja bei yake. Lakini bei ikibadilika, mnunuzi naye ana haki ya kufikiri tena kama kitu kile chamfaa bado.

Pili, tuangalie nguvu ya kunyamaza. Sokoni mtu akinyamaza hauziwi kitu. Katika uanachama wa namna hii mambo ni kinyume: anyamazaye huuziwa tena. Siku za kujaribu bure zikiisha, fedha hukatwa katika kadi yake ya benki. Muda ukiisha, hukatwa tena, wala hapana mtu agongaye mlango kuuliza. Hata mwenyewe akiugua au akisafiri, ada haikomi kwa sababu hiyo. Kwa bei za mwaka 2022, mtu wa Marekani aliyelipa dola 14.99 kila mwezi alitoa dola 179.88 kwa mwaka, yaani karibu dola 41 zaidi kuliko yule aliyelipa ya mwaka mzima mara moja. Wahenga walisema, Bandu bandu humaliza gogo. Gogo lenyewe halisikii shoka, kwa kuwa kila pigo ni dogo.

Tatu, tutazame mlango wa kutokea. Mwezi wa Juni mwaka 2023 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya Seattle. Ilidai mambo mawili: ya kwamba watu waliingizwa katika uanachama pasipo kukubali kwa kujua, na ya kwamba kutoka kulifanywa kugumu makusudi. Kuingia kulitaka kubonyeza mara moja au mbili. Kutoka, kwa maneno ya Tume, kulitaka kupita kurasa 4, kubonyeza mara 6, na kuchagua kati ya mambo 15. Tena ilielezwa ya kuwa ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Homer juu ya vita vya Troya. Jina hilo latosha kumfundisha mtu urefu wa safari yenyewe.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 shauri lilimalizika kwa mapatano. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali kutoa dola bilioni 2.5: bilioni 1 iwe faini, na bilioni 1.5 warudishiwe wateja, waliokadiriwa kuwa watu milioni 35. Ilitakiwa pia kuweka kitufe kilicho wazi kwa mtu asiyetaka kuingia, na njia nyepesi ya kutoka. Huko Ulaya, baada ya malalamiko ya vyama vya wanunuzi, kampuni ilikubali mwezi wa Julai mwaka 2022 ya kuwa mtu aweze kutoka kwa kubonyeza mara mbili. Basi twaona ya kuwa urefu wa njia haukuwa lazima. Ilipotakiwa ifupishwe, ilifupishwa.

Nne, mwenye kutaka kutoka afanyeje? Aifungue akaunti yake katika tovuti ya kampuni, atafute mahali palipoandikwa habari za uanachama wa Prime, na hapo achague kuumaliza. Katika njia hiyo akumbuke mambo haya:

1. Kusimamisha kwa muda si kumaliza, wala kuomba kukumbushwa baadaye si kumaliza. Asome kila kitufe kabla ya kukibonyeza.

2. Asiondoke mpaka ameona maneno yanayotaja tarehe ya mwisho, na kupata barua pepe ya kuthibitisha. Barua hiyo aihifadhi.

3. Kufuta programu katika simu hakuondoi uanachama. Aliyefuta programu ameondoa picha tu. Deni li hai.

4. Aliyejiandikisha kwa njia ya kampuni nyingine, kama kampuni ya simu, hana budi kujitoa kwa njia ile ile aliyoingia.

5. Filamu alizozinunua zabaki kuwa zake katika akaunti. Zile alizozitazama kwa sababu ya uanachama zaondoka pamoja nao. Akaunti yenyewe haifungwi, naye aweza kununua vitu kama mtu mwingine yeyote.

Hatumwambii kila mtu atoke. Autumiaye uanachama wake na kuona faida, na abaki kwa furaha. Bali abaki kwa kuwa amechagua, si kwa kuwa amesahau. Na kabla ya kuingia mahali popote pa namna hii, yafaa kuuliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi, na kuandika siku ya malipo mahali atakapoiona.

Maswali ya kujipima:

Je, ni ada ngapi zikatwazo katika fedha zako pasipo wewe kuulizwa? Ni ipi katika hizo ambayo ungeikubali tena leo kama ungeulizwa? Na kama usingekuwapo, je, yuko mtu nyumbani mwako ajuaye jinsi ya kuzikomesha?