Magugu katika Mpunga wa Ardhi ya Chumvi

Mtu asafiriye kutoka Tanga kwenda Moshi, apitapo Mombo na Mazinde, huiona milima ya Usambara kuumeni kwake, na kushotoni bonde kame. Mpunga wa huko hautegemei mvua, bali maji ya mfereji. Lakini maji yasiyo na pa kutokea hukaa ardhini, jua huyakausha, na chumvi hubaki juu kama unga mweupe. Wakulima wa Ndungu, wilaya ya Same, wanaufahamu sana msiba huo.

Wengi hudhani chumvi ndiyo adui peke yake. Sivyo. Mbegu ya mpunga huota vema, lakini mche mchanga ni dhaifu mno mbele ya chumvi. Majani hukauka ncha, miche hufa, na jaruba hubaki na mapengo. Humo ndimo magugu yaingiamo, na mama wa nyumba huinama kutwa akiyang’oa, pengine na watoto ambao wangalikuwa shuleni.

Basi kazi ianze kabla ya kupanda. Jaruba lisawazishwe, maana penye kichuguu ndipo chumvi na magugu hukutana. Litiwe maji, magugu yaachwe yaote kwa majuma mawili, kisha yavurugwe pamoja na tope. Maji hayo ya kwanza yamwagwe nje, nayo yataondoka na chumvi.

Hapa pana jambo la kupimwa vizuri. Kilimo shadidi, alichokibuni Padre Henri de Laulanié, Mjesuiti wa Kifaransa, huko Madagaska katika miaka ya 1980, hutaka mche wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, na shamba linyweshwe na kukaushwa kwa zamu. Ni njia njema penye udongo mwema. Penye chumvi, kwa maoni yetu, mkulima achukue mistari yake tu, ili chombo cha kupalilia cha kusukuma kipite. Miche na iwe ya siku 30 hivi, mitatu kila shimo, na maji ya sentimita 5 yasikauke: huipunguza chumvi makali na kuyazuia magugu mengi kuota.

Palizi ya kwanza isipite majuma matatu. Mpunga mwitu ung’olewe kabla haujapukutisha mbegu. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana, lakini nyasi huziacha zikicheka. Anayeitumaini peke yake hupoteza fedha.

Limebaki la mifereji. Mfereji wa kutolea maji ukijaa matete, chumvi ya jirani wa juu hukaa katika jaruba la jirani wa chini, hata kama huyu wa chini amepalilia mara tatu. Kwa hiyo siku ya kuufyeka ipangwe na wote, kabla ya vitalu kumwagwa mbegu.