Dondoo Muhimu: Land Rover ya Kale Inapokataa Kuwaka

Mwenye Land Rover ya kabla ya 1967 huko Lupembe, ambaye amegeuza umeme wake ili hasi ya betri ishike bodi badala ya chanya, kisha gari ikawa yawaka kwa taabu au haiwaki abadan, na aanzie kwenye koili, kwani waya uendao kwenye distributa sharti sasa utoke upande wa hasi, la sivyo cheche hudhoofika. Dainamo nayo, waya zake zikiwa zimefunguliwa, iguswe kidogo kwenye terminali yenye alama F kwa waya wa chanya ya betri, ipate nguzo mpya. Nafasi ya platini iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Ukungu wa mashamba ya chai ya huko Lupembe ukizidi, pangusa kifuniko cha distributa ndani, kikauke barabara, kabla hujailaumu kabureta.