Seva Moja kwa Majina na Kuingia: Mafunzo Niliyopata Kasongo na Kabambare

Ofisi ninayoihudumia ina vituo viwili kusini mwa Maniema: Kasongo na Kabambare. Umeme wetu ni wa sola, na wa jenereta mafuta yakipatikana; intaneti inatoka kwenye setilaiti. Pamoja na hayo, kila mfanyakazi anataka asubuhi aandike jina na neno la siri, aanze kazi.

1. DNS, yaani huduma ya majina ya mashine, na uthibitishaji wa kuingia vikae kwenye mashine moja. Wengi hudhani tunabana matumizi tu. Mtu akiandika neno la siri, kompyuta yake huanza kwa kuiuliza DNS: seva inayothibitisha watumiaji iko wapi? Isipojibiwa, hata neno la siri liwe sahihi namna gani, haina pa kulipeleka. Ndiyo maana Active Directory, mfumo wa Windows wa kuthibitisha watumiaji, imeitegemea DNS tangu Windows 2000, na Samba 4, programu inayofanya kazi hiyo hiyo, iliyotoka Desemba 2012, ikaja na DNS yake ndani. Ukizitenga huduma hizo mbili, mashine moja ikizima kuingia kunakwama, na sola inalisha mbili badala ya moja.

2. Kabambare iwe na seva yake, isitegemee ya Kasongo kupitia setilaiti. Setilaiti yetu iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali likipanda na jibu likishuka, nusu sekunde imeshakwisha, na kuingia mara moja kuna maswali mengi. Mvua kubwa ikinyesha, kimya. Ndiyo maana Kabambare tumeweka seva ya kusoma tu, aina iliyoanza na Windows Server 2008: inajibu majina na inahifadhi maneno ya siri ya watu wa pale peke yao. Ikiibwa, hasara ina mpaka. Mgeni kutoka kituo kingine akifika siku ya mvua, neno lake la siri halimo humo; atasubiri mvua ikatike.

3. Saa, saa, saa. Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji iliyozaliwa MIT na inayotumiwa na seva zetu, kwa kawaida haivumilii saa mbili zikipishana zaidi ya dakika 5. Na Kongo yetu ina majira mawili: Kinshasa iko nyuma ya mashariki kwa saa moja. Mashine ya kuhifadhi mafaili iliandaliwa Kinshasa, ikafika Kasongo ikionyesha saa moja asubuhi wakati huku ni saa mbili. Mtu akaisogeza kwa mkono. Tangu hapo mafaili yakagoma kufunguka. Mhasibu akanionyesha saa ya ukutani: “Papa, angalia, ziko sawasawa!”

“Ndiyo, mama, lakini hii mashine bado inajiona iko Kinshasa.”

Kerberos inahesabu kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na kwa hesabu hiyo mashine ilikuwa imetangulia dakika 60. Tuliitoa kwenye majira ya Africa/Kinshasa tukaiweka kwenye ya Africa/Lubumbashi, tukarekebisha saa, mafaili yakafunguka. Siku hizi nakagua pia kile kibetri kidogo kinachotunza saa ndani ya seva. Seva inayozimwa kila jioni inakitegemea, na kikifa inaamka na tarehe ya miaka iliyopita.

4. Usiweke 8.8.8.8, DNS ya Google, kwenye kompyuta za watumiaji. Mafundi wanaipenda, eti intaneti isikatike. Kompyuta ikiiuliza Google jina la seva yetu ya ndani, inajibiwa kwamba jina hilo halipo, na mtu anabaki nje. DNS ya nje iandikwe kwenye seva yenyewe, iwe ndiyo inayouliza huko kwa niaba ya wote.

5. Ndoa ya DNS na kuingia isiongezwe mtu wa tatu. Ukishaona mashine moja inabeba majina na kuingia, unashawishika kuipa na printa, na mafaili, na programu ya hesabu. Mkuu mmoja aliniomba hivyo, nikakataa. Programu ile ilidai mamlaka ya msimamizi, na kwenye seva ya namna hii msimamizi wa mashine anaweza kufika kwenye maneno ya siri ya ofisi nzima. Tuliitafutia kompyuta ya zamani iliyokuwa stoo.