Kidhibiti mwendo kinapogoma kushika

Swali: Nina Honda Gold Wing GL1800. Nikiwasha kidhibiti mwendo taa yake inawaka, lakini nikibonyeza kitufe cha kushika mwendo hakuna kinachotokea. Fundi anasema kompyuta yake imekufa. Ninunue nyingine?

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Mfumo huu umeundwa kujiachia mara unapogusa breki au klachi, au unaposukuma mkono wa mafuta mbele kupita mwanzo wake. Swichi moja ikikwama, mfumo unadhani umeshika breki, nao unakataa.

Anza na taa ya breki. Washa pikipiki gizani, usiguse breki yoyote. Taa ikibaki inawaka, au ikizima unapoutikisa mkono wa breki ya mbele, umeupata ugonjwa: kile kiswichi kidogo hapo mkononi huingiwa na vumbi na maji. Kisafishe kwa dawa ya swichi za umeme. Kisha kagua cha klachi na cha kanyagio la nyuma.

Je, ulibadilisha balbu za nyuma ukaweka za LED? Baadhi ya mifumo huzikataa. Rudisha za zamani ujaribu.

Fundi akitaka kuikwepa swichi ya breki kwa waya, mkatalie kabisa. Hiyo ndiyo inayokukatia mwendo mtu anapokuchomokea barabarani.