Somo: Picha ya Skrini na Mahali pa Kuiweka



Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Ng'ambo ya pili, huko Bagamoyo, kimbunga hicho hicho kiliyaharibu majengo ya Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Habari hizi tunazo leo kwa kuwa wako watu walioziandika, wakatia tarehe, na maandishi yao yakawekwa mahali panapojulikana.

Siku hizi habari nyingi zinazotuhusu hutufikia katika skrini ya kompyuta, na habari za skrini hazikai. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa moja baada ya nyingine, na kila mpya ilichukua nafasi ya ile ya kwanza. Bei nazo hubadilishwa, na ujumbe hufutwa. Anayetaka kuishika habari kama alivyoiona hana budi kuipiga picha ya skrini.

Lakini kupiga picha ni nusu tu ya kazi. Tuchukue mfano. Mwanachama anataka majamvi ya kuanikia karafuu. Anaandikiana kwa kompyuta na mfanyabiashara wa Bagamoyo, wanapatana majamvi 100 kwa shilingi 8,000 kila moja, naye anatanguliza shilingi 400,000. Jahazi linatia nanga na majamvi 60, na muuzaji anasema kwamba ndivyo walivyopatana. Ujumbe wa mapatano umekwisha kufutwa. Mwanachama anakumbuka kuwa aliupiga picha, ila picha hiyo imo katika rundo la picha 300, na kila moja inaitwa "Screenshot" na namba tu. Haki yake imo humo ndani, wala haioni.

Basi tujifunze kuiamuru kompyuta iweke picha mahali tunapotaka sisi.

KOMPYUTA YA WINDOWS

Shika kitufe chenye alama ya Windows, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa PrtSc. Skrini itafifia kidogo kama mtu anayepepesa jicho. Hiyo ndiyo dalili kwamba picha imepigwa. Kompyuta yenyewe huiweka ndani ya folda ya "Pictures", katika folda ndogo iitwayo "Screenshots". Ukitaka kuhamisha mahali hapo, fuata hatua hizi:

1. Tengeneza folda mpya isiyo na kitu, kwa mfano ndani ya "Documents", uiite "Ushahidi wa Karafuu".

2. Fungua "Pictures". Weka mshale juu ya folda ya "Screenshots", ubonyeze upande wa kulia wa kipanya, uchague "Properties".

3. Kidirisha kikifunguka, bonyeza neno "Location" lililo juu, kisha "Move". Chagua ile folda yako mpya, halafu bonyeza "Apply".

4. Kompyuta itakuuliza kama unataka na picha za zamani zihamie huko. Jibu ndiyo.

Jihadhari usichague diski nzima, kama vile D, bali folda iliyomo ndani yake. Ukichagua diski nzima utachanganya mambo, na kuyarudisha ni taabu.

Katika kompyuta nyingine picha hupelekwa OneDrive, yaani ghala la mtandaoni. Hilo lina faida, kwa kuwa kompyuta ikiibwa picha zimesalia. Lakini hula bando. Kama picha zako huzioni, katazame huko kwanza.

KOMPYUTA YA MAC

Bonyeza pamoja Shift, Command na 5. Utaona mstari wa alama chini ya skrini. Bonyeza "Options", na chini ya maneno "Save to" chagua "Other Location", kisha onyesha folda uitakayo. Kompyuta hii huandika tarehe na saa katika jina la kila picha.

JINA LA PICHA

Katika Windows, picha zilizopigwa kwa njia tuliyoieleza hupewa namba tu. Kwa hiyo, mara baada ya kupiga, ichague picha, bonyeza F2, uandike jina lake. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu jambo lenyewe: 2024-05-03 onyo la kimbunga. Ukianza na mwaka, picha zitajipanga zenyewe kwa tarehe, kama risiti zilizotungwa katika msumari.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, saa na tarehe ya kompyuta ziwe sahihi. Pili, katika picha ya mapatano ionekane namba ya simu ya mwenzio na tarehe ya ujumbe, si maneno matupu. Tatu, funga kwanza kurasa za benki na mambo ya siri, maana picha huchukua kila kinachoonekana. Nne, iache picha katika aina ya PNG ambayo kompyuta huitoa; aina ya JPG mara nyingi huwa nyepesi, lakini herufi ndogo huweza kuparara.

La tano ndilo kubwa: picha ya asili usiikate wala usiichore. Ukitaka kuikata, fanya nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haiukatai ushahidi kwa sababu tu umo katika kompyuta. Lakini katika kuupima, hutazamwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama umebaki salama. Picha iliyokatwa pembeni huzaa maswali. Wala usiitegemee picha peke yake: risiti ya fedha na hati ya mzigo ziwekwe pia.

ZOEZI

Kabla ya mavuno, kila mwanachama mwenye kompyuta, au ambaye mwanawe anayo, afanye haya: atengeneze folda, ahamishe mahali pa picha, apige picha moja ya taarifa ya hali ya hewa, aipe jina. Kisha aizime kompyuta, aiwashe tena, na aitafute picha hiyo. Akiipata kabla kahawa haijapoa, somo limemwingia. Asipoipata, arudi hatua ya kwanza sasa, wakati hana ugomvi na mtu.

MASWALI

1. Kwa nini jina la picha lianze na mwaka?
2. Ni kitu gani kionekane katika picha ya mapatano zaidi ya maneno yenyewe?
3. Kwa nini picha ya asili isikatwe?